Gitaa Lililochoma Masikio ya Watu

Jumamosi, 7 Machi

Mdogo wangu kaniambia niandike namba za amplifaya, mashine inayokuza sauti ya gitaa langu, kila tunapopiga, ili tuache kubishana kwa kumbukumbu. Haya, naandika. Besi, sauti nene, saa tano; midi, ya katikati, saa sita; trebo, nyembamba, saa tisa. Nasema saa kwa sababu vitufe vya kuzungusha vya amplifaya yangu vimefutika namba zote, nami navisoma kama mshale wa saa ya ukutani.

Leo ndiyo mara ya kwanza msimu huu bendi yetu kupiga ndani. Mvua imeugeuza uwanja wetu kuwa tope, na mwenye ukumbi katuhamishia kwenye chumba kirefu cha sementi chenye dari ya chini. Wimbo wa tatu, mzee mmoja wa meza ya mbele akachana karatasi ya kufutia mikono, akaviringisha vipande viwili, akavitia masikioni, huku ananitazama. Wenzake wakacheka.

Tulipomaliza, kiongozi wetu akanifuata mbele ya watu. Ni mwimbaji, na tunamwita Kola, kwa sababu hata joto liwe vipi, kola ya shati lake imesimama kama ubao.

"Dada, gitaa lako linachoma."

"Linachoma nini?"

"Masikio. Hiyo trebo yako ni kama mtu anakata bati."

Nikamwambia nimepiga solo kwenye bendi hii miaka kumi na moja na hakuna bati lililokatika. Mdogo wangu, anayepiga besi, alikuwa anakunja waya wake polepole mno.

Jumapili, 8 Machi

Trebo saa sita. Nikajisikia kama napiga gitaa ndani ya mto wa kulalia. Wimbo wa pili nikairudisha saa tisa. Kola akaniangalia kwa jicho la pembeni. Aangalie.

Jumatano, 11 Machi

Nimebadilisha nyuzi. Zimekufa, na nilizifunga wiki iliyopita tu. Nyuzi za siku hizi hazina maisha.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Watu wamenipa jina: Sindano. Nimelisikia nikipita kwenda kuchukua maji. Sikugeuka. Afadhali sindano kuliko pamba.

Alhamisi, 19 Machi

Mazoezi. Kola katangaza kwamba watu wa redio watakuja Jumapili ya tarehe 17 Mei kutunasa nyimbo nne, zitangazwe wiki inayofuata. Tukapiga makofi. Kisha akakohoa kidogo, na Kola akikohoa kidogo ujue ana neno limemkwama.

"Ule mwanzo wa wimbo wa mwisho, tunafikiria Mwalimu aupige kwenye kinanda."

Mwalimu ni mpiga kinanda wetu. Siku za kazi anafundisha hesabu. Aliinamisha kichwa kama aliyekamatwa akinakili mtihani.

Ule mwanzo ni wangu. Niliutunga jikoni kwangu, gitaa likiwa mapajani na sufuria motoni, na wali ukaungua. Watu wakisikia noti zake nne za kwanza tu, wanasukuma viti waende kucheza. Nikauliza, "Nani anafikiria? Maana umesema tunafikiria."

"Dada, usilichukue vibaya. Ni mpaka utengeneze hiyo mashine."

"Nikiitengeneza?"

"Tutaona."

Tutaona ni neno la mtu ambaye ameshaona. Anataka kunitoa, ila hana ujasiri wa kuniambia niondoke, kwa hiyo analisingizia gitaa.

Ijumaa, 20 Machi

Nimebeba amplifaya na gitaa kwa fundi redio, mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la posta. Niliinunua nilipoachishwa kazi kiwandani, kabla ya kununua hata kitanda kipya, na haijawahi kwenda kwa fundi. Alifungua mgongo wa mashine, akagonga kila kiungo kwa mpini wa bisibisi, akaweka sikio, akanusa kabisa.

"Mashine nzima hii, mama. Nzima kuliko mimi."

"Basi kwa nini inachoma watu?"

"Unaiweka wapi?"

"Sakafuni, nyuma yangu."

Akaiweka sakafuni, akaniambia nichuchumae mbele yake, uso kwa uso na spika. Akapiga nyuzi kwa ukucha.

"Unaona? Besi ni maji, inamwagika kila kona. Trebo ni tochi, inamulika pale inapoelekezwa tu. Wewe umesimama, inakupiga kwenye mashavu ya miguu, na miguu haina masikio. Unaona haitoshi, unaongeza. Kumbe waliokaa wanamulikwa usoni."

Nikachuchumaa tena. Nilisikia ukali, ndiyo, lakini kidogo. Yeye alikuwa amekunja uso kama aliyeng'ata limau bichi. Nikasema moyoni wazee wana masikio laini.

Akakata sponji duara, kubwa kama kisosi, akaitoboa tundu katikati, tukaishona kwa uzi kwenye kitambaa cha mbele, pale pale katikati ya spika. Akaniambia niiweke mashine juu ya kigoda, iegemee nyuma, inimulike mimi kwanza kabla ya wengine.

"Kinachokuchoma wewe ndicho kitakachowachoma wao," akasema. "Utajipimia mwenyewe."

Nimerudi nyumbani nimenyooka mgongo. Kola atatafuta sababu nyingine.

Jumamosi, 21 Machi

Kigoda, sponji, trebo saa tisa. Mashine inanitazama usoni na hainichomi hata chembe. Nikapiga kwa raha zote. Kola: "Afadhali kidogo. Lakini bado."

Jumapili, 22 Machi

Bado, kasema. Bado nini?

Jumatano, 25 Machi

Wiki hii nimejaribu kila kitu. Nimeacha kidude cha plastiki cha kupigia, natumia nyama ya kidole gumba. Nimesogeza mkono karibu na shingo ya gitaa, sauti inanenepa. Nimefunika spika kwa taulo. Mazoezini mdogo wangu akanivuta pembeni.

"Dada, unaziba dirisha halafu unafungua mlango. Wimbo wa kwanza unapunguza. Ukifika wa tatu umeshairudisha, tena zaidi."

"Sijairudisha."

"Umeirudisha. Saa kumi na moja. Nenda kaangalie."

Sikwenda kuangalia. Nilimwambia aache kuwa kipaza sauti cha Kola. Huyu nimembeba mgongoni. Nilimfundisha kushika gitaa vidole vyake vikiwa vifupi kama karanga. Leo anasimama upande wa mtu mwenye shati la pasi.

Alhamisi, 26 Machi

Sisemi na mdogo wangu.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imezima umeme. Hatukupiga. Vizuri.

Jumapili, 29 Machi

Bado sisemi naye. Naye hasemi nami. Tumesimama jukwaani tumeachana hatua mbili, kama nguzo mbili za goli.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo Mwalimu ameupiga mwanzo wangu.

Kola alitoa ishara bila kunitazama. Mwalimu akaupiga, noti zote, hakuna aliyoikosea, nami nimesimama na gitaa begani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Watu walisukuma viti vilevile. Hilo ndilo liliniuma. Nilitaka wakae, waulize gitaa liko wapi. Hawakuuliza. Miguu haina shukrani.

Niliingia kwenye ubeti wa kwanza kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Jumapili, 5 Aprili

Mwalimu kaja nyumbani asubuhi, mwavuli unavuja. Akasimama mlangoni.

"Mama, ule mwanzo sikuuomba. Nimeambiwa."

"Najua."

"Na kwenye kinanda hauko sawa. Unakuwa kama hesabu."

Nikamkaribisha chai. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza, nikiangalia kikombe, kama kweli gitaa langu linachoma. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayetafuta jibu lisilo na desimali.

"Ndiyo, mama. Linachoma."

Mwalimu hana haja ya cheo changu, wala hajui kudanganya. Nimeosha vikombe mara mbili.

Jumanne, 14 Aprili

Binti yangu kaja. Mto umekata barabara ya kwenda kazini kwake, atakaa nami mpaka maji yashuke. Nyumba imejaa viatu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nilikuwa napiga pasi. Binti yangu akatoka chumbani na taulo kichwani.

"Mama, mbona hupokei simu?"

"Simu gani?"

Simu ilikuwa mezani, mkono mmoja kutoka kwenye pasi. Imepigwa mara nne. Nikasema labda nilikuwa na mawazo. Akaichukua, akaipiga kutoka kwenye yake, akaniangalia. Nikaona kioo kinawaka. Sikusikia kitu.

Akaniambia nigeuke niutazame ukuta. Akakaa kimya. Nikamwambia sina muda wa michezo, nina mashati sita.

"Mama, nimetikisa funguo nyuma ya kichwa chako tangu ulipogeuka." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lini mara ya mwisho umesikia ndege wa asubuhi?"

Nikajibu upesi, "Mvua imewafukuza."

"Wako dirishani, mama. Kila siku wananiamsha."

Niliendelea kupiga pasi. Shati nililolichoma lilikuwa lake.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimesema siendi hospitali. Nimesema mara tatu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeenda.

Ni chumba kidogo kama kabati, kuta zake zimevalishwa magodoro. Unavishwa vidude vya masikioni, unapewa kitufe, unaambiwa ubonyeze kila unaposikia sauti. Mwanzo nilibonyeza kwa kujiamini, maana zilikuja sauti nene, nzuri, naweza hata kuzitaja noti zake. Zikapanda. Nikabonyeza. Zikapanda tena, kisha kukawa kimya. Nilidhani mashine imepumzika. Nikamtazama daktari kupitia kioo, nikaona kidole chake kinaendelea kugusa vitufe, kimoja baada ya kingine, na macho yake yananingoja. Hapo ndipo nilipojua.

Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole na kukutazama usoni. Akanionyesha karatasi. Mstari umetembea vizuri tambarare, halafu ukaanguka kama mtu aliyekanyaga hewa.

"Sauti nene unazisikia vizuri sana," akasema. "Nyembamba hazikufikii. Ulifanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha nguo. Mashine za kufuma. Miaka kumi na tisa."

"Mlivaa vizibo vya masikio?"

"Tulivaa vitambaa vya kichwani."

Hakucheka. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa: mashine mia mbili kwa pamoja, tunaongea kwa midomo tu, na msimamizi anasema anayechukia kelele akaombe kazi maktaba. Tulicheka enzi zile. Tulikuwa tunarudi nyumbani tunapiga kelele kama viziwi na kuitana viziwi, tukidhani ni mzaha.

"Masikio yangu yatarudi?"

"Yaliyokwenda hayarudi. Tunalinda yaliyobaki. Ukipiga muziki, vaa vizibo."

"Nimeambiwa sisikii, tena nizibe?"

"Ndiyo hasa," akasema, akanipa pakiti mbili.

Njiani binti yangu alinishika mkono kama mimi ndiye mtoto. Nilikuwa naipanga miezi yote kichwani. Nyuzi nilizozitupa zikiwa hai. Trebo saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Nilikuwa naongeza chumvi kwenye chakula nisichoweza kuonja, nawapakulia watu, halafu nakasirika wakikunja uso.

Jumanne, 21 Aprili

Sikugusa gitaa.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anaziba paa linalovuja, yuko juu ya ngazi na bakuli la lami. Nikamwambia nikiwa chini, kwa sauti, mke wake akiwa anaanika nguo barazani. Alishuka ngazi moja moja.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Ila sikujua ni masikio. Nilidhani ni ukaidi."

"Ukaidi nao upo."

"Huo hauhitaji daktari." Akanipa bakuli nishike, akapanda tena, na hapo ndipo nikajua tumeshasameheana.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimewaambia wote mazoezini, nimesimama. Sikutaka wasikie kwa watu.

Mwalimu akavua miwani. Mpiga dramu akasema pole. Kola akakohoa.

"Dada, pole sana. Basi pumzika. Umeifanyia bendi hii kazi kubwa, hakuna atakayekulaumu. Hii ya redio Mwalimu ataibeba."

Alisema kwa upole kabisa. Nilitarajia kiburi, ningekijibu. Upole ulinikata maini. Nikamwomba tutoke nje kidogo. Tukasimama barazani, maji yanamwagika kutoka kwenye bati kama pazia, mimi na yeye tu.

"Kiongozi," nikasema, "ule wimbo wa mwisho siku hizi tunaupiga ufunguo gani?"

Akafuta maji usoni.

"Tuliutunga juu. Mwaka jana mwezi wa sita, sauti yako ilipoanza kukwama juu, nikaushusha. Mwezi wa kumi nikaushusha tena. Vidole vyangu nilivihamisha mwenyewe, nikamwambia mdogo wangu ahamishe vyake, na Mwalimu naye. Kuna siku uliniuliza kwa nini?"

"Hapana."

"Kuna mtu yeyote aliyekuambia pumzika?"

Kola aliangalia maji. Kola ya shati ilikuwa imelowa pembe moja, imelala. Sijawahi kuiona imelala.

"Nilijua umeushusha," akasema. "Nilishukuru. Nikashindwa kusema asante, maana asante ingekuwa ni kukiri."

"Mimi nimekiri mbele ya watu wote dakika tano zilizopita. Vidole vyangu haviumwi. Kilichoumwa ni masikio, na masikio ninyi mnayo, mawili mawili. Niazimeni."

"Vipi?"

"Jumamosi asubuhi, njooni ukumbini. Kaeni kwenye viti vya wateja. Mimi nitapiga, ninyi mtapanga trebo. Mkishindwa kunipangia sauti isiyochoma, nitaondoka mwenyewe. Mkiweza, mwanzo wangu unarudi mikononi mwangu. Sitaki tutaona. Nataka ndiyo au hapana."

Akakaa kimya mpaka nikadhani amesema na mimi sikusikia.

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimemwona mnyang'anyi. Kumbe ni mwoga mwenzangu, tofauti ni shati.

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika yote.

Ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Kola akakaa meza ya mbele, Mwalimu katikati, mpiga dramu mlangoni kabisa. Mwenye ukumbi alikuwa anapiga deki, nikamwomba naye akae, maana yeye ndiye anayejua wateja wanakunja uso lini. Mdogo wangu akachuchumaa kando ya amplifaya, mkono juu ya kitufe. Mimi nikavaa vizibo vya daktari, nikautazama ukuta, ili nisisome nyuso zao.

Nikapiga mwanzo wangu. Nikaupiga tena. Mara thelathini, labda arobaini. Kila mara mdogo wangu alizungusha, na nyuma yangu wanaitana: shusha, pandisha kidogo, hapo mbele bado, hapa mlangoni imekufa. Wakagundua kwamba kwa Kola ikiwa nzuri, mlangoni inafifia. Wakahamisha kigoda pembeni, amplifaya ikawa inautazama ukuta wa upande badala ya meza, sauti igonge ukuta kwanza ndipo ije kwao. Mdogo wangu akaongeza midi. Mwenye ukumbi akasema, "Hapo. Msiguse tena. Hapo hata chai ingeshuka vizuri."

Nikageuka. "Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu," akasema mdogo wangu.

Saa nne na nusu. Mimi nilikuwa napiga saa kumi na moja.

Kwangu mimi ilikuwa ule mto wa kulalia. Kila kidole kilitaka kuurudisha mshale. Nilijua Jumamosi ijayo, wimbo wa tatu, mkono utakwenda wenyewe. Nikaomba koleo, nikakishika kitufe, nikaking'oa. Kimebaki kijiti cha chuma kirefu kama njiti ya kiberiti, na mafuta kidogo, huwezi kukizungusha kwa vidole. Nikampa Kola kitufe.

"Kaa nacho wewe."

Alikitazama kiganjani kama amepewa jino la mtu.

Jumamosi, 2 Mei

Mwanzo nimeupiga mimi. Besi saa tano, midi saa saba, trebo haina mjadala. Mzee wa meza ya mbele alikula mpaka akamaliza.

Jumamosi, 9 Mei

Najifunza kupiga kwa kugusa. Najua noti imetoka sawa kwa jinsi uzi unavyorudi kwenye ncha ya kidole. Usiku wa kiwandani tulikuwa tunajua uzi umekatika kwa mtetemo wa meza, si kwa sikio. Kumbe kile kiwanda kilinichukulia kitu kimoja na kunifundisha kingine. Sikishukuru.

Jumapili, 17 Mei

Watu wa redio walifika na masanduku. Fundi wao wa sauti aliweka maiki mbele ya amplifaya yangu, akainama.

"Kitufe hiki nani kaking'oa?"

"Mimi."

"Ningependa trebo iongezeke kidogo. Redio inapenda."

Nikafungua mdomo, lakini Kola alitangulia. "Redio ipende hivyo hivyo. Mama huyu ndivyo anavyopiga."

Wimbo wa mwisho Kola aliomba tuushushe tena, nusu hatua. Aliomba mbele ya wote, hakukohoa. Nikahamisha vidole.

Jumapili, 24 Mei

Wametangaza saa kumi jioni. Mdogo wangu alikuja kusikiliza nami, binti yangu yuko kwake, barabara imefunguka, anasikiliza huko. Tukaweka redio katikati ya meza.

Mwanzo wangu ukatoka. Noti nilizisikia zote, zimefunikwa kitambaa, kama mtu unayemjua anapita nje ya pazia. Nikamtazama mdogo wangu.

"Zinang'aa?"

"Zinang'aa, dada."

"Zinachoma?"

"Hazichomi."

Tukausikiliza wimbo mpaka ukaisha. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo mdomoni tangu ile siku ya ngazi.

"Daktari kasema sauti ulizobaki nazo zinaweza kupungua. Siku moja zikipungua utafanyaje?"

"Nene zinakwisha mwisho. Nitapiga besi."

"Na mimi?"

"Utatafuta kazi nyingine."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 25 Mei

Nimemwambia mdogo wangu alete gitaa lake la besi, akalileta akidhani linahitaji kufungwa nyuzi. Nyuzi zake nene kama kamba ya kuanikia nguo. Saa mbili nzima tumekaa sebuleni, ananielekeza pale ninapokosea, na kila noti imeingia kifuani kwangu nzima, haina kitambaa. Vidole vimetoka malengelenge mawili.

Alipoaga akanyoosha mkono alichukue. Nikamwambia aliache mpaka Jumamosi.